Kuku wa Kisasa wa Mwalimu Eveta

Ukificha watoto, ficha na vicheko vyao.

Leo mmeisikia methali hiyo kwenye mkutano wa mtaa, pale jirani yetu alipoapa kwamba hafugi mbwa, na mbwa mwenyewe akawa anabweka nyuma ya nyumba yake. Mwenyekiti akaitamka, wazee wakacheka, ninyi vijana mkabaki mnatazamana. Sasa Fides ananiuliza imetoka wapi, na Kastori anamjibu kwamba ni ya wahenga.

Hapana, Kastori. Wahenga hawakuwa na vituo vya kulelea watoto. Methali hii imezaliwa hapa hapa Makambako, na aliyeisema kwa mara ya kwanza nilimwendesha mimi babu yenu. Ilianza hivi.

Wakati huo nilikuwa dereva wa Bi. Skolastika, afisa ustawi wa jamii. Kazi yake ilikuwa kukagua vituo vinavyolea watoto wakati wazazi wako kazini: kama pana usalama, kama walezi wanatosha, kama chakula ni kisafi. Kituo kikifaa, anakipa leseni. Kisipofaa, anakifunga. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, na kwa baridi ya huku kwetu alivaa sweta mwaka mzima. Hakuwa mkali. Alikuwa anatazama tu, na kutazama kwake kuliwatoa watu jasho.

Kando ya barabara kuu ya malori palikuwa na kituo cha Mwalimu Eveta Ngimbudzi. Msidhani alikuwa mtu mbaya. Uji wake wa ulezi ulisifiwa hadi sokoni, na watoto walimpenda. Tatizo lake ni kwamba hakujua kukataa. Leseni yake iliruhusu watoto thelathini na walezi wawili. Anakuja mama na mtoto mgongoni, analalamika kwamba hana pa kumwacha. Mwalimu Eveta anampokea. "Mwache tu, mwanangu. Wanapokaa thelathini hawashindwi kumpisha mmoja." Kesho anakuja mwingine, naye anapishwa. Haukupita muda watoto wakawa karibu mara mbili ya wale walioruhusiwa. Kisha mlezi mmoja akaolewa Songea, na wala hakutafutwa wa kushika nafasi yake. Akabaki Atuganile peke yake.

"Mwalimu," Atuganile alikuwa akilalamika, "mimi nina macho mawili tu. Nikimtazama anayepanda dirisha, mwingine anakula mchanga."

"Watoto wakiwa wengi wanaleana wenyewe," Mwalimu Eveta alimjibu.

Basi ikafika habari kwamba Bi. Skolastika atakuja kukagua kituo, maana leseni ilikuwa inakaribia kwisha. Yaliyotokea kabla hatujafika alinisimulia Atuganile mwenyewe baadaye. Kuta zilipakwa chokaa. Mtungi mwekundu wa kuzimia moto uliazimwa. Watoto walifundishwa kusalimia mgeni kwa sauti moja, asubuhi na mchana, hadi wengine wakawa wanasalimia hivyo hata usingizini. Mpishi alivalishwa sare ya mlezi, akaonywa asinukie kitunguu. Ikabaki shida moja tu: watoto waliozidi wapelekwe wapi?

Nyuma ya kituo, mume wa Mwalimu Eveta, Mzee Ngimbudzi, mstaafu wa reli, alikuwa amejenga banda la kuku. Lilikuwa jipya kabisa, limetandazwa maranda ya mbao, linasubiri vifaranga.

"Mwalimu! Watoto kwenye banda la kuku?" Atuganile alishtuka.

"Halijaingia kuku hata mmoja. Ni safi kuliko chumba chako."

"Na moto ukitokea?"

"Moto utokee wapi, siku ya mgeni?"

"Sawa. Mimi nitamsalimia mgeni," Atuganile alisema, "lakini akiniuliza, sitasema uongo."

"Hatakuuliza," alisema Mwalimu Eveta, akageuka kwenda kutafuta kufuli.

Siku ikafika. Watoto waliozidi wakaingizwa bandani pamoja na Mzee Ngimbudzi wa kuwachunga, akiwa amekalia kigoda. Mwalimu Eveta akawapa sharti: "Atakayekaa kimya mpaka nije mimi kufungua, atapata pipi. Atakayetoa sauti, hapati. Hata mtu akiwaita, msiitike. Hata akisema mchezo umekwisha, msimsikilize." Akafunga kufuli kwa nje, ufunguo akautia kwenye kamba, akauvaa shingoni.

Tulipofika niliegesha gari uani, karibu na mlango, nikaingia ndani pamoja na Bi. Skolastika kwa sababu ya baridi. Watoto waliopangwa darasani wakasimama, wakatusalimia kwa wimbo. Kila mmoja alikuwa amepakwa mafuta hadi anang'aa. Bi. Skolastika alikagua jiko, akakagua vyoo, akauinua ule mtungi mwekundu na kuurudisha taratibu bila neno. Mwalimu Eveta alikuwa anatabasamu kama mtu anayepigwa picha.

Ndipo tuliposikia sauti kutoka nyuma.

"Khoooo... pyuuuu."

Mzee Ngimbudzi alikuwa amesinzia. Alikuwa na mkoromo wa pekee, unaopanda kama lori la mbao na kushuka kwa mluzi. Halafu sauti nyembamba ikamwigiza kutoka kule kule: "Khoooo... pyuuuu."

Kikafuata kicheko. Kwanza cha mtoto mmoja, cha kujibana pua. Kisha cha wawili. Kisha kikamwagika kama maharage juu ya bati.

"Mwalimu," Bi. Skolastika aliuliza, "nini kile?"

"Ni... kuku, mheshimiwa. Tunafuga."

"Kuku wanacheka?"

"Ni kuku wa kisasa, mheshimiwa."

Mimi nilivua kofia, nikaing'ata. Atuganile alikuwa ameinama, anafunga kamba za kiatu cha mtoto, na kiatu chenyewe hakikuwa na kamba. Bi. Skolastika hakucheka wala hakununa.

"Nami nafikiria kufuga," alisema. "Unawalisha nini?"

"Pumba, mheshimiwa. Pumba na dagaa kidogo."

"Uji!" ilidakia sauti kutoka bandani.

Bi. Skolastika akasogea dirishani, akafungua kioo, akasema kwa upole, "Hamjambo, kuku?"

Banda zima likajibu kwa sauti moja: "Hatujambo! Shikamoo mgeni wetu! Karibu kituoni kwetu! Jisikie uko nyumbani!"

Wale waliopangwa darasani, wakidhani ni zamu yao, nao wakarudia tangu mwanzo.

Mwalimu Eveta akatutangulia nyuma. Akauhangaikia ufunguo wake shingoni, mara ukaingia kwa upande, mara ukadondoka. Mlango ulipofunguka tuliwaona watoto wamejaa maranda nywele nzima, na Mzee Ngimbudzi bado amelala juu ya kigoda, upara wake umewekewa maranda kama kofia. Hapo nilicheka, sitawadanganya. Hata Bi. Skolastika aliziba mdomo.

Lakini Atuganile hakucheka. Alipitisha macho mara moja tu.

"Sifa yuko wapi? Yule mdogo wa sweta la waridi?"

Tukatazama. Chini ya ukuta wa banda palikuwa na kitundu ambacho Mzee alikitoboa ili kuku watokee, si kikubwa, na kwenye ncha ya bati lake palining'inia nyuzi za sweta la waridi. Kutoka pale hadi getini ni hatua chache. Geti lilikuwa bovu, halifungiki. Na nje ya geti ni malori, yale ya kutoka Mbeya yanayoteremka bila kupunguza mwendo.

Vicheko vikaisha vyote. Mwalimu Eveta alitupa viatu, akakimbilia barabarani, akasimama katikati, mikono juu, analizuia lori kwa kifua chake huku dereva akimtukana. Hakumwona mtoto. Atuganile aliangalia mtaroni, mpishi akaangalia kisimani, Bi. Skolastika akazunguka jiko. Kila mtu anaita, "Sifa! Sifa wee!" Kimya. Mimi nikasema nitapita na gari barabarani, huenda amefika mbali. Nikatoa ufunguo mfukoni, nikafungua mlango wa gari.

Ndipo Chesko, mtoto wa miaka mitano, yule yule aliyemwigiza Mzee, akamvuta Bi. Skolastika sweta.

"Sifa hawezi kuitika," alisema. "Mwalimu alisema anayeitika hapati pipi. Sifa anataka pipi."

Mwalimu Eveta alikuwa amerudi kutoka barabarani. Aliposikia hivyo akapiga kelele, "Sifa, mwanangu, toka! Mchezo umekwisha! Nitakupa pipi zote!"

Kimya.

"Ulisema hata mtu akisema mchezo umekwisha, tusimsikilize," alisema Chesko. "Ulisema mpaka uje kufungua. Sifa hakukuona ukifungua."

Nimewahi kuona watu wakifiwa, wajukuu zangu, lakini uso kama ule wa Mwalimu Eveta saa ile sijauona tena. Mtoto alikuwa anamtii. Ndilo lililokuwa linamkata maini.

Bi. Skolastika akachuchumaa mbele ya Chesko. "Sasa wewe mwenzake, utamtoaje?"

Chesko akafikiri. "Akicheka huwa hawezi kujizuia."

"Anachekeshwa na nini?"

"Babu akikoroma."

Tukamgeukia wote Mzee Ngimbudzi, ambaye alikuwa ameamka na kusimama mlangoni mwa banda, amechanganyikiwa, maranda bado kichwani.

"Koroma, mume wangu," alisema Mwalimu Eveta.

"Nikorome vipi nami niko macho?"

"Koroma!"

Mzee akajaribu. Ikatoka sauti kama ya mtu aliyepaliwa na ugali. Akajaribu tena, ikawa mbaya zaidi. Chesko akatikisa kichwa kwa huzuni.

Basi Mwalimu Eveta akapiga magoti pale pale uani, kwenye vumbi, mbele ya afisa aliyekuja kumkagua. Mkoromo ule alikuwa amelala nao tangu siku ya ndoa yake. Aliujua kuliko mwenyewe alivyoujua. Akafumba macho, machozi yanamtiririka, akavuta pumzi.

"Khoooo... pyuuuu."

Hakuna aliyethubutu kucheka.

"Khoooo... pyuuuu."

Na hapo, chini ya gari langu, kando kabisa ya gurudumu la nyuma, kikatoka kicheko kidogo, cha kujibana pua.

Sikumbuki nilivyoutupa ule ufunguo. Nakumbuka Atuganile amelala kifudifudi, anamvuta Sifa taratibu, na Sifa ametoka amejaa grisi shavuni, na kitu cha kwanza alichofanya ni kunyoosha mkono. "Sikuitika," alisema. "Nipe pipi." Mwalimu Eveta akamkumbatia hadi mtoto akalalamika kwamba anabanwa.

Tangu siku hiyo siwashi gari kabla sijachungulia chini. Fides hunicheka kwa hilo. Sasa umejua.

Watu walipotulia, Bi. Skolastika aliketi kwenye benchi la watoto, magoti karibu yamfike kidevuni. Mwalimu Eveta akasimama mbele yake.

"Nifungie, mheshimiwa. Nastahili."

"Nakufungia," alisema Bi. Skolastika. "Utafungua utakapokuwa na walezi wa kutosha na geti linalofungika, na watoto wale ambao leseni inawaruhusu. Waliozidi nitakaa na mama zao, tuwatafutie pengine. Huyu binti," akamwonyesha Atuganile, "usimwache aondoke. Kwa kutupa jicho tu amegundua kwamba mtoto mmoja hayupo. Na ule mtungi urudishe ulikoutoa."

"Nimesikia."

"Na kingine, Mwalimu. Siku nyingine ukificha watoto, ficha na vicheko vyao."

Mwalimu Eveta akajifuta uso kwa kanga. "Vicheko vya watoto havifichiki, mheshimiwa."

"Vinafichika," Bi. Skolastika alimjibu, na sauti yake ikashuka zaidi. "Niliwahi kuingia kituo kimoja, mbali na hapa. Watoto walikuwa wamefichwa chumba cha pili, na hapakusikika hata mmoja. Nilipowakuta niliwachekesha, hawakucheka. Pale sikutia kufuli na kuondoka, nilikwenda polisi. Kwako nimesikia wanacheka. Ndiyo maana naongea na wewe."

Mwalimu Eveta alilia upya, lakini kilio kingine. Kituo kilifungwa mpaka mahindi yakakomaa. Kilipofunguliwa, watoto walikuwa thelathini, Atuganile ana wenzake, na geti lilihitaji mtu mzima kulifungua. Mama akija na mtoto wa ziada, Mwalimu Eveta alimpa uji, akampa pole, akamwelekeza kwingine. Lilimuuma kila mara, lakini alijifunza.

Mpishi ndiye aliyeyapeleka maneno ya Bi. Skolastika sokoni, na sokoni neno halikai chini. Kabla ya mwaka kwisha, muuza maziwa akitia maji, wateja wanamwambia maneno hayo. Bwana akirudi anatafuna karafuu kuficha harufu ya pombe, mkewe anamwambia. Wengi wanaitamka kwa maana ya kwamba siri haidumu, nao hawajakosea. Hata mwenyekiti leo aliitumia hivyo. Lakini mimi niliyesimama pale na ufunguo mkononi nasikia na upande wake wa pili: shukuruni kwamba vicheko havikufichika. Kingefichika kile cha mwisho, nisingekuwa na hadithi ya kuwachekesha nayo leo.

Basi mkimwona mtu anahangaika kufunika jambo lake, msimtukane. Mwambieni tu taratibu, kama alivyoambiwa Mwalimu Eveta: ukificha watoto, ficha na vicheko vyao.