Neno Lisilopita Tovutini

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu bali ile ya juzijuzi, simu zilipokuwa zimekwisha kuingia mifukoni mwa watu na masultani hawajaondoka bado katika viti vyao, palikuwa na mtu katika mji wa Tandaraha, jina lake Vuai. Vuai hakuwa na mbele wala nyuma. Kanzu yake ilikuwa na viraka vingi hata mwenyewe hajui kipi ni kiraka na ipi ni kanzu, na kazi yake ilikuwa kuzunguka barazani kwa watu na kujibu maneno. Watu wakimwita punguani, naye akiitika, maana aliona kuwa punguani haulizwi kwa nini hakwenda kazini.

Lakini Vuai alikuwa na mke, Bi Mize, na nyumba yao ilisimama kwa mikono ya mke huyo. Bi Mize alikuwa kipofu tangu utotoni, na hapana mtu Tandaraha aliyeujua udi kama yeye. Aliuchanganya kwa pua, akaupika kwa kusikiliza sukari inavyochemka, akauuza kwenye meza yake sokoni, na harusi isiyofukizwa udi wa Bi Mize ilihesabiwa kuwa nusu harusi.

Basi ikawa Sultani wa mji ule, Mwinyishehe, amechoshwa na vishoka, yaani wale watu waliokaa nje ya ofisi zake wakijidai kuwaandikia raia maombi yao, kumbe wanawala. Waziri wake, aliyeitwa Badru, akamwambia, "Maulana, tufanye tovuti. Kila haja ya serikali, iwe ruhusa ya biashara, iwe cheti cha mtoto, iwe malalamiko, mtu aipeleke kwa simu yake naye amejilaza kitandani. Vishoka watakufa njaa."

Sultani akapendezwa. Tovuti ikatengenezwa, ikatiwa picha kubwa ya Sultani mbele, na amri ikabandikwa kwenye mlango wa jumba: "Tangu leo hapana neno la serikali litakalosemwa wala kusikiwa ila limepita katika tovuti, na kila mtu aingie kwa mkono wake mwenyewe, asiandikiwe na mwingine."

Bi Mize aliposikia hayo hakushtuka. Simu yake ilikuwa ya kusema: akipitisha kidole humsomea kilicho chini ya kidole, na kwa simu hiyo alikuwa akipata habari za dunia nzima na kugombana na dada yake aliye mji wa pili. Na ruhusa ya meza yake ilikuwa inakwisha mwezi ule. Basi akakaa mkekani, akaifungua tovuti, akapitisha kidole.

"Picha," ikasema simu. "Picha. Kitufe. Kitufe. Kitufe."

"Kitufe cha nini?" akauliza Bi Mize.

"Kitufe," ikasema simu.

Akakibonyeza kimoja kwa kubahatisha, akajikuta kwenye vyeti vya ndoa. Akarudi, akabonyeza kingine, na huko akaulizwa athibitishe kuwa yeye ni binadamu, achague picha zote zenye ngazi. Akapitisha kidole. "Picha," ikasema simu. "Picha. Picha." Alipokuwa bado anazitafuta ngazi, muda ukakwisha na tovuti ikamrudisha mwanzo. Alishinda hivyo tangu asubuhi mpaka udi ukaungua jikoni, jambo ambalo halijapata kutokea.

Vuai aliporudi alimkuta ameiweka simu kifudifudi. "Mume wangu," akasema Bi Mize, "leo serikali imeniuliza kama mimi ni mtu, na nimeshindwa kujibu."

Vuai akacheka, kisha akamtazama uso, akaketi kando yake. Hakuwa amepata kumwona mke wake akilia kwa ajili ya macho yake. Wala siku ile hakulia kwa ajili ya macho. Alilia kwa meza. "Wataipa mtu mwingine," akasema. "Na mtu mwingine huyo ataniambia, pole bibi, hukuomba."

Asubuhi yake Vuai akaenda kwa Sultani. Alikuwa akiruhusiwa kuingia, maana Sultani alipenda upuuzi wake, na upuuzi hauhesabiwi kuwa neno la serikali. Akamkuta amekaa na wakubwa wake wakinywa kahawa. Vuai akaona jambo moja dogo: Sultani hakukishika kikombe chake ila Waziri amekitia mkononi mwake. Akaliona, akaliweka moyoni.

"Maulana," akasema, "nina kitendawili. Nyumba ina mlango, mlango uko wazi, na aingiaye hafiki ndani."

"Mji nimekupa," akasema Sultani.

"Ni tovuti yako, Maulana, kwa mke wangu asiyeona. Vitufe vyake havina majina, na mlinzi wake anataka ngazi zenye kuonekana kwa macho."

Wakubwa wakatazamana. Waziri Badru akaweka kikombe chini, akacheka cheko la mtu aliyekwisha shinda. "Hayo ni malalamiko, Vuai, na malalamiko yana mahali pake. Mkeo ayalete mwenyewe, kwa mkono wake, kwa njia ya tovuti. Akiweza kuyaleta, ndiyo kusema tovuti inaingilika, na nyinyi ni waongo. Asipoweza kuyaleta, basi hapana malalamiko."

Baraza likavuma kwa vicheko, na Sultani naye akaona ni neno la hekima. "Ndivyo," akasema. "Nakupa hadi Ijumaa, Vuai. Malalamiko hayo yasiponifikia kwa njia niliyoamuru, umeisingizia serikali, nawe utahama mji huu wewe na mkeo."

Vuai akatoka na miguu mizito. Hadi kufika mlangoni alikuwa amekwisha kufungasha vyombo vyote vya nyumba katika mawazo yake. Hapo akasimama, akaisoma tena ile amri iliyobandikwa, neno kwa neno, na alipofika mwisho akacheka peke yake, hata askari wa mlango akasema moyoni, "Maskini, leo limemzidi."

Ijumaa ikafika. Wakubwa wakajaa, wengine wamekuja kwa kazi na wengine kutazama mtu akifukuzwa mji. Vuai akaingia na Bi Mize amemshika bega, wakaketi mkekani, na Vuai akaitoa simu yake akaitazama kwa adabu.

"Vuai," akasema Sultani, "malalamiko yako wapi?"

Vuai kimya.

"Vuai! Hunisikii?"

Vuai akaitazama simu, akatikisa kichwa, akangoja.

Waziri akaruka. "Mpumbavu wewe, Maulana anasema nawe!"

Ndipo Vuai akamgeukia askari aliyesimama kando yake, akamwambia kwa upole, "Ndugu yangu, naiona midomo ya Maulana inakwenda, na moyo wangu wataka sana kumjibu. Lakini imeandikwa mlangoni kuwa hapana neno la serikali lisemwalo wala lisikiwalo ila limepita tovutini. Nami nimengoja tangu alfajiri, halijanifikia. Huenda bado liko njiani."

Watu wakashika vinywa vyao. Sultani akapiga mkono wa kiti. "Mkamateni!"

Askari akapiga hatua. "Haya, nikamate," akasema Vuai, "ila nakuuliza kwa ajili ya watoto wako: amri hiyo imepita tovutini? Usije ukanikamata kwa neno lisilosikiwa, kesho wakakuuliza wewe."

Askari akatazama mlango, akatazama amri, kisha akarudi mahali pake taratibu, kama mtu aliyekumbuka kuwa ana kidonda mguuni.

"Badru!" akasema Sultani. "Ipitishe amri hiyo tovutini, sasa hivi!"

Waziri akatoa simu yake upesi. Vuai akakohoa. "Ndugu askari," akasema, "ule mstari wa mwisho unasemaje? 'Kwa mkono wake mwenyewe, asiandikiwe na mwingine.' Au nimesahau kusoma?"

Hakuwa amesahau. Na amri ilikuwa na muhuri wa Sultani, na sultani anayevunja muhuri wake mbele ya baraza ataupata wapi mwingine? Basi Mwinyishehe akanyoosha mkono. "Nipe simu," akasema.

Akaiinamia. Akaisogeza karibu na pua, akaipeleka mbali, akaigeuza. Maandishi yale yalikuwa membamba, rangi ya majivu juu ya nyeupe, na macho ya Sultani yalikuwa na mtoto wa jicho kwa muda mrefu, siri aliyoijua Waziri peke yake. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Tovuti ikamtaka achague ngazi. Barazani vikombe vya kahawa vikasikika vikipoa. Jasho likamtoka Sultani chini ya kilemba, na Vuai alipomwona mzee akihangaika hivyo, mzaha wake wote ukamtoka. Akainuka, akasogea karibu, akapiga goti kama mtu anayeomba radhi.

"Sioni, Vuai," akasema Sultani kwa sauti isiyopita kitini.

"Naye Mize haoni, Maulana," akajibu Vuai kwa sauti hiyo hiyo.

Sultani akainua kichwa. "Bibi," akaita kwa sauti ya kusikiwa na wote, "wanasema simu yako husema. Njoo unisomee tovuti yangu, maana hata mimi macho yangu yamekufa, na sijapata kuiona."

Wakubwa wakashtuka, lakini Bi Mize alikuwa amekwisha kupitisha kidole. "Picha," ikasema simu barazani. "Picha. Kitufe."

"Hiyo picha ya kwanza ni ya nini?" akauliza Sultani.

Waziri akajibu akiwa ameinama, "Ni wewe, Maulana."

"Mimi? Na cheo changu chote, na ukoo wangu wote, kwa huyu bibi mimi ni 'picha' tu?"

"Tena hupita upesi, Maulana," akasema Bi Mize. "Huja kitufe."

Sultani akaangua kicheko, akacheka hata kilemba kikamkaa upande, na baraza lote likacheka naye, isipokuwa Waziri, ambaye alikuwa anatafuta ngazi ya kushukia.

Basi Sultani akaamuru ile amri ibanduliwe mlangoni. Asiyeweza kuja kwa tovuti na aje kwa miguu, apige simu, au aje na amtakaye kumsemea, naye atasikiwa. Na Waziri na mafundi wake wakaketishwa pamoja na Bi Mize, na Ame seremala asiyesikia, ambaye alipoomba maelezo tovutini alionyeshwa filamu ya Waziri akizungumza bila maandishi, na mzee mmoja mwenye vidole vilivyokakamaa. Wasiseme kazi imekwisha mpaka wale watatu waseme. Badru alilalamika wiki ya kwanza. Ya pili akaanza kuuliza maswali.

Kwa Bi Mize Sultani akasema, "Ruhusa yako chukua leo, nimekupa."

"Nashukuru, Maulana," akasema Bi Mize, "lakini ukinipa leo, kesho nitarudi kukuomba tena, na wenzangu hawana mume punguani. Niachie meza yangu tu, mpaka niweze kuomba mwenyewe."

Sultani akamgeukia Vuai. "Nawe nikupe nini? Nikupe kazi hapa jumbani?"

"Kazi!" akasema Vuai. "Maulana, si tumekwisha kusameheana?" Akapewa kanzu mpya na joho, akaenda zake akiwa hajui aanze kuvaa lipi.

Siku tovuti ilipokuwa tayari, Bi Mize aliketi mkekani, akapitisha kidole, na kila kitufe kikataja jina lake. Vuai akauliza, "Nikusaidie, mke wangu?" Akaambiwa anywe kahawa yake. Kahawa haijapoa, ruhusa ikawa imetoka, na Bi Mize akajitwika kapu lake la udi, akaenda sokoni.

Habari ya Vuai imeishia hapo. Mwenye masikio ameisikia, na asiye nayo aandikiwe, apate fungu lake.