Jini Aliyesamehewa Ushuru

Sogeeni, sogeeni!
— Tumesogea!
Nianze au nisubiri?
— Anza, masikio yapo wazi!

Hapo kale, katika nchi ya Ukwalu, aliishi mjane mkamua ufuta, jina lake Mwanamvua. Kila mavuno alimpelekea Mfalme Shekuwe ushuru wa kibuyu kimoja cha mafuta. Kwa ushuru wa watu visima vilichimbwa.

Siku moja akashuka jini, mrefu kuliko moshi. Akapiga mguu chini, kikachomoza kinu kikubwa kama kilima. Akatia mbegu za mbono, huu mbono wa kuzungushia ua, usioliwa hata na mbuzi. Kinu kikanguruma nguru! nguru! nguru! Kikatoa mafuta, yakatiwa kwenye taa za kila nyumba, nayo yakawaka bila moshi. Jua lilipozama nchi nzima iling'aa, hata samaki wakaonekana mtoni. Mwanamvua akasahau kufumba mdomo.

"Nisamehe ushuru, mfalme," jini akasema, "ama nihame."

"Umesamehewa! Usihame!"

Mwanamvua akatozwa vibuyu viwili.

Mwaka uliofuata: "Nipe na mashamba, mfalme, ama nihame."

"Chukua! Usihame!"

Ufuta ukang'olewa, ukapandwa mbono.

Mwaka wa tatu: "Nipe na mto, mfalme, ama nihame."

"Chukua! Usihame!"

Mto ukageuzwa kunywesha mbono, visima vikakauka. Mwanamvua akaenda barazani, akapiga magoti.

"Mfalme wangu, nami nisamehe. Mwaka mmoja tu."

Mfalme akacheka. "Wewe mama, utahamia wapi?"

Akainuka, akatoka. Nje taa zilikuwa zikimeremeta, na pamoja na uchungu wote, akasimama kuzitazama. Zilikuwa nzuri mno.

Ndipo mfalme wa ng'ambo ya mlima akamwahidi jini zaidi. Jini hakuaga. Alikishika kinu, akaking'oa kama mtu ang'oavyo muhogo, akakitia kwapani, akavuka mlima kwa hatua moja. Ardhi ikatetemeka. Giza likaanguka, na watu wakabaki wakitazama anga ya wenzao ikiwaka.

Kulipokucha, Mfalme Shekuwe akaja kwa miguu hadi kwa Mwanamvua.

"Mama, una mafuta?"

"Sina, mfalme. Nina mbegu za ufuta, nilizifunga kwenye pindo la nguo. Nisamehe ushuru nizipande."

Mfalme akainamisha kichwa.

"Nimekusamehe, wewe na wote waliobaki." Akavua joho. "Jembe liko wapi?"

Wakaanza kung'oa mbono, mfalme na mjane, na nchi nzima ikatoka kushangaa.

Funzo lake: ukimbembeleza anayetaka kuhama, usimsahau aliyebaki, maana huyo ndiye nchi.

Hadithi nimeitua hapa. Atakayeibeba aende nayo. Haitozwi ushuru, labda mfalme asikie!