Nyanya za Zuhera

Nyanya haiozi kwa kijicho, huoza kwa kiu. Methali hii mmeisikia leo bombani, wanangu, na mnataka kujua ilitoka wapi. Ilitoka nyuma ya jiko la Zuhera, huko Soni.

Zuhera alikuwa mke mgeni, na mtoto wake Kupaza alikuwa na miezi mitano. Alipanda miche kumi na miwili ya nyanya, ikazaa hadi matawi yakainama. Kila asubuhi mama mkwe wake, Bi Mwantumu, alipita akazisifu kwa sauti, wala hakusema Mashallah. Wiki hiyo hiyo nyanya zikaanza kuoza kitakoni: doa jeusi, gumu kama kipande cha ngozi, ilhali juu bado ni za kijani.

Zuhera hakumuuliza mtu. Alifunga vitambaa vyekundu kwenye vijiti, akapuliza dawa ya kuazima, mwisho akazungushia bustani majani ya migomba ili macho ya mkwewe yasifike. Hata Kupaza akaacha kumpeleka kwa bibi yake. Nyanya zikazidi kuoza, nyingine zikapasuka mabegani, karibu na kikonyo.

Siku ya nane bila kumwona mjukuu, Bi Mwantumu alishindwa kuvumilia, akaja. Hakugusa tunda. Alichomeka kidole udongoni mpaka kikazama, kikatoka kikavu. Akauliza maji humwagwa lini. Zuhera akajibu ni Ijumaa, siku bomba linapotoa maji. Ndoo juu ya ndoo mpaka pawe kidimbwi.

"Na Kupaza unamnyonyesha Ijumaa hadi Ijumaa?"

Zuhera akainamisha kichwa. "Hapana, mama."

"Basi na hizi zipe kidogo kidogo, kila asubuhi. Vitambaa vyako nimeviona, mwanangu. Jicho langu hili halioni hata tundu la sindano, litaozesha nyanya?"

Zuhera akacheka huku analia, akaomba radhi. Wakachuma zilizooza, wakakata vitako, sehemu nzima ikaingia mchuzini. Wakatandaza nyasi kavu mashinani, na Ijumaa wakajaza pipa la kutumia wiki nzima. Zile za kwanza hazikupona, ila zilizofuata zilitoka safi.

Siku ya kuchuma, jirani alimnong'oneza Zuhera afunike kapu upesi, mkwewe anakuja. Zuhera hakufunika. Alimngoja mama afike, akampa Kupaza ampakate, ndipo akamgeukia jirani.

"Nyanya haiozi kwa kijicho, dada. Huoza kwa kiu."