Tumba Lililofungwa Ugwe

Mtu mmoja alikuwa na okidi moja, mmea wa maua wa msituni, iliyoota juu ya gogo nyuma ya jiko lake, katika milima ya Usambara. Mkewe ndiye aliyeiokota kwenye mti ulioangushwa msituni, akaipandikiza kwenye gogo hilo. Msitu ule sasa ni mashamba. Mkewe naye amezikwa. Mtu huyo, Shemhando, alitaka jambo moja tu: okidi izae mbegu kabla haijazeeka, ili kitu alichokipenda marehemu kisije kikafia mikononi mwake.

Mwaka huo ilitoa matumba. Aliyatazama kila asubuhi, hata asubuhi moja akaona vikonyo vyake vinajisokota. Matumba yalikuwa yanageuka, juu kuwa chini. Shemhando alikuwa mkulima wa nyanya. Maisha yake yote, kilichopinda alikinyoosha kwa kijiti na ugwe wa mgomba. Akakata vijiti, akaanza kuyafunga matumba kwa uangalifu wa mtu anayemvika mtoto mchanga nguo.

Dada yake Mboni alitoka jikoni, akamwona.

"Kaka, hiyo si nyanya! Wifi hakuifunga hata siku moja. Haya ya juu niachie mimi, usiyaguse."

Akamwachia, kwa kuwa hakutaka ugomvi katika nyumba yenye msiba.

Sasa sikilizeni habari ya ua hili. Lina petali tatu, nazo huanza zikiwa sawa. Lakini ndani ya mmea, tangu ulipokuwa mbegu, kuna maagizo ambayo wataalamu huyaita jeni. Petali moja hupewa agizo ambalo zile mbili hazikupewa: wewe utakuwa mdomo. Basi hupanuka, ikawa kibaraza cha nyuki kutua. Ila mdomo huo huumbwa ukiwa upande wa juu. Ndiyo maana tumba hujisokota kabla ya kufunguka, ili mdomo ushuke chini. Kule kupinda nako kumo katika maagizo.

Maua yalipofunguka, yale ya ugwe yalikuwa yamenyooka vizuri, na midomo yake imekaa juu kama paa. Nyuki walikuja. Wakazunguka, wakakosa pa kutua, wakapanda kwenye maua ya Mboni. Huko walitua, wakaingia, wakatoka na chavua mgongoni. Maua ya ugwe yakanyauka, yakaanguka matupu. Yale ya juu yakafunga matunda, na ndani ya matunda mbegu laini kama vumbi, nyingi kuliko mtu awezavyo kuzipanda.

Shemhando alipoyashika matunda yale alikaa chini pale pale, akalia kilio ambacho makaburini hakikumtoka. Kisha akamwita dada yake, wakaanza kuzipaka mbegu kwenye magome ya miti yote ya uani.

Ndugu zangu, aliyeandika agizo la mdomo ndiye aliyeandika na lile la kugeuka. Hakusahau kimoja akakumbuka kingine. Basi wewe ambaye mwaka huu umepinduliwa, juu yako ikawa chini, nani amekuambia kwamba unavunjwa?