Pambo na Ukoka wa Mwalimu

Nimeletewa kisa hiki asubuhi, nami sikuona vyema kikome kwangu.

Mwalimu Ndekirwa, mstaafu aliyefundisha kilimo miaka thelathini, alipanda ukoka mbele ya nyumba yake, akaukata kila Jumamosi hadi ukalala kama zulia. Mkewe, Bi Anaeli, alikuwa na mbwa jike mzee aitwaye Pambo. Kila mahali Pambo alipokojoa, nyasi zilikauka, likabaki duara la manjano.

Mwalimu, kwa ujuzi wake, alitibu kila duara kwa konzi ya mbolea ya chumvichumvi. Maduara yakazidi kupanuka.

"Mbwa wako ana sumu," alimwambia mkewe. "Mwisho wa mwezi anakwenda kulinda kiwanda cha mbao. Nimekwisha kuzungumza nao."

"Kwa umri huu alio nao, Baba Ndeshi? Mwizi akija, atamkaribisha ndani."

"Basi na amkaribishe huko huko."

"Niachie huo mwezi. Na mbolea yako ifungie stoo, usiiguse."

Tangu siku hiyo, kila Pambo alipochuchumaa, Bi Anaeli alikuwa nyuma yake na ndoo, akimwaga kata tatu za maji palepale, kabla mkojo haujakauka. Mwalimu alimtazama kutoka barazani, akicheka.

"Miaka arobaini ya ndoa, sikujua nimeoa mhudumu wa choo cha mbwa."

"Cheka tu, mume wangu. Bado siku ishirini."

Mwezi ulipoisha, Mwalimu alikagua ukoka wake hatua kwa hatua. Doa la manjano halikuwapo hata moja. Badala yake aliona mabaka ya kijani kibichi, yaliyostawi kuliko kwingine kote. Akapiga magoti, akayapapasa.

"Hapa umeweka mbolea gani?"

"Ya Pambo. Hana sumu huyu. Anarutubisha kupita kiasi. Nyasi zilikuwa zinaungua kwa shibe, nawe ukazidi kuzilisha. Mimi nimezinywesha maji tu."

Mwalimu akatoa simu, akawapigia watu wa kiwandani.

"Mniwie radhi, ndugu zangu. Mbwa haji. Ana kazi huku."

Funzo: Si kila aletaye madhara ana sumu; wapo wanaotoa kizuri kupita kipimo. Usimfukuze mtu wa namna hiyo. Msaidie kukipunguzia makali, nacho kitakustawisha.