Kwa Nini Dubwi Humeza Kimya na Kutoa kwa Kelele

Ukipita karibu na kibanda cha mashine za kamari, hizi ambazo watu wa mtaani huziita madubwi, utasikia kengele zinalia, muziki unapigwa na mtu anashangilia. Ukisikiliza kwa nje utadhani humo ndani kila mtu anashinda. Haikuwa hivi tangu mwanzo. Ulikuwapo wakati Dubwi alikuwa mmoja tu duniani, tena hakuwa wa kamari kabisa. Alikuwa ghala la mbegu.

Dubwi huyo aliishi katika kijiji cha Mabambani, na aliyemchonga ni Fundi Mwengo, mtu mpole mwenye vidole virefu. Alimchonga kwa sababu ya panya. Miaka hiyo panya wa Mabambani walikula mbegu hata ndani ya vyungu vilivyofunikwa, na kila mvua zilipokaribia watu walijikuta na makapi. Ndipo Fundi akatengeneza sanduku la mvule, refu kama mtu, akalitia tumbo kubwa, mdomo, na mkono mmoja wa chuma ubavuni. Kifuani akaweka magurudumu matatu yenye picha za matunda, maana watu hawakujua kusoma, na kila nyumba ikapewa matunda yake kuwa alama. Nyumba ya Mzee Kibwana ilipewa embe tatu. Nyumba ya Siwatu, ndimu tatu.

Kisha akamtia kumbukumbu. Mtu akileta mbegu, Dubwi alizimeza na kutangaza, "Siwatu mke wa Pandu, vibaba viwili!" Siku ya kuzichukua, mwenyewe alivuta ule mkono wa chuma, magurudumu yakazunguka na kusimama kwenye alama ya nyumba yake, na mbegu zikamwagika zilezile, bila kupungua punje. Dubwi alisema alipomeza na alisema alipotoa. Panya wakahama.

Sasa huyu Siwatu alikuwa mwanamke wa makamo, mpika togwa, asiyeweza kukaa mahali pasipo na kicheko. Alipenda ngoma, alipenda vitendawili, na kwenye bao alikuwa amewafunga wanaume wote wa kijiji, mumewe akiwa wa kwanza. Siku moja alipeleka mbegu zake, akasikia jina lake likitajwa kama kawaida, akapiga mwayo.

"Fundi, huyu Dubwi wako ni mwaminifu, lakini anachosha."

"Anachosha vipi, Bi Siwatu?"

"Natia viwili, napata viwili. Hata nikifumba macho najua kitakachotoka. Hawezi kunishtua hata siku moja?"

Fundi Mwengo akacheka. "Akushtue kwa mbegu za nani? Dubwi halimi."

"Kwa hizo hizo zilizomo tumboni. Leo anipe mimi zaidi, kesho ampe Kibwana, kesho kutwa Mize. Tutafurahi kwa zamu."

"Na siku mbegu zako zikienda kwa Kibwana?"

"Zitarudi. Mimi nina mkono wa bahati, muulize yeyote niliyecheza naye bao."

Waliokuwa wakisubiri nyuma yake walilipenda neno hilo, wakaanza kumsihi Fundi. Fundi akajikuna kichwa. Akasema kwamba ghala linalokumbuka kipi ni cha nani haliwezi kumpa mtu cha mwenzake, hivyo itambidi amtoe Dubwi kumbukumbu. Na kwa kazi hiyo, katika kila punje kumi zitakazoingia, moja iangukie kwenye droo ya chini, iwe ujira wake.

"Punje moja!" Siwatu akasema. "Chukua, Fundi, ukatafune."

Kumbukumbu ikatolewa. Kwa kuwa Dubwi hakuwa tena na majina ya kutaja, Fundi akamfungia kengele ya kulia kila anapotoa, yaani kila matunda matatu yanapofanana, yawe ya nyumba yoyote.

Siku ya kwanza alivuta Mzee Kibwana, ambaye hakuna aliyekumbuka lini alicheka mara ya mwisho. Embe, embe, embe. Kengele ikalia, punje zikamwagika zikajaa kofia, zikajaa pindo la kanzu, nyingine zikatawanyika chini. Mzee alicheza mpaka fimbo ikamtoka mkononi. Siku hiyo hakuna aliyekwenda shamba. Siku ya pili Siwatu alipata tikiti tatu, akarudi nyumbani na kikapu kichwani akiimba.

Mumewe, Pandu, alikuwa anafyeka bonde kwa ajili ya kupanda. Akatazama kikapu. "Zimetoka wapi zote hizo?"

"Kwa Dubwi."

"Amekosea?"

"Amenipenda."

Pandu hakuwa mtu wa maneno mengi. Alipiga hesabu ya shamba ambalo mbegu za kile kikapu zingelitosha, akashika panga, akaendelea kufyeka hadi ukingoni mwa kijito.

Siku ya tatu Siwatu alirudi kwa Dubwi na sehemu ya kikapu ili kiwe vikapu viwili. Akavuta. Ndimu, ndimu, embe. "Ilikuwa karibu!" akapaza sauti, na wenzake wakaitikia kwamba kweli, ilikuwa karibu sana. Kwa hakika ndimu mbili na embe hazikumpa hata punje, sawasawa na kama angekosa zote tatu, lakini yeye alijiona kama aliyekwisha kushika nusu ya kitu. Akatia tena. Watu nao walianza kumsoma Dubwi kama mtu anayesoma mawingu. Walisema leo ameshiba, lazima atapike. Mmoja akienda kula, mwingine aliparamia nafasi yake, kwa tamaa kwamba alichokilimbikiza mwenzake kitamtokea yeye. Siwatu hakuthubutu kuondoka. Togwa yake ilichacha chunguni, yeye amesimama pale pale, akila kwa macho.

Siku ya tisa mawingu yalijikusanya juu ya vilima. Pandu akasema, "Kesho tunapanda, mke wangu. Andaa mbegu."

Siwatu alikuwa amebakiwa na gao moja tu la mbegu, la kujaa kiganja. Asubuhi na mapema akalipeleka, akalitia lote, akavuta. Ndimu. Ndimu. Gurudumu la tatu likatetemeka juu ya ndimu, likajivuta kidogo, likalala kwenye tikiti. Kukawa kimya, kama vile hakuna mtu aliyefika pale.

Akamshika Dubwi mabega. "Dubwi, ni mimi. Siwatu, mke wa Pandu. Nimekulisha siku tisa!"

Nyuma yake Mize, ambaye ndiyo kwanza aamke, alipenyeza mkono, akatia punje yake ya kwanza ya siku na kuvuta. Kengele ikalia.

Siwatu alitaka kucheka, kama ilivyokuwa desturi yake mwenziwe akipata, lakini kicheko hakikuja. Kitu kilimwingia pole pole. Dubwi hakuwa amempenda ile siku ya kikapu, wala leo hakuwa amemchukia. Siku zake tisa na punje moja ya Mize vilikuwa kitu kimoja. Hakumjua.

Akaenda bondeni, akamweleza mumewe ukweli bila kuupamba. Pandu akakalia mpini wa jembe.

"Zote?"

"Zote."

"Hata za hapa bondeni?"

"Nimesema zote, Pandu. Usinitamkishe mara mbili, mdomo unaniuma."

Pandu akalitazama shamba lote lile, lililosafishwa hadi kijitoni. "Basi nimewatengenezea mbuzi uwanja wa kuchezea," akasema. Hapo Siwatu alicheka na machozi yakamtoka, akajifunga kanga kiunoni, akaenda moja kwa moja sokoni, alikosimama Dubwi.

Akamwambia Fundi Mwengo amrudishie Dubwi kumbukumbu. Fundi akasema yeye yuko tayari, watu wakikubali. Watu hawakukubali. Walimzomea. Mzee Kibwana, ambaye kofia yake ya punje ilikwisha siku nyingi pamoja na mbegu zake mwenyewe, ndiye aliyepaza sauti kuliko wote. "Leo ni siku yangu! Nimeota embe!"

Siwatu hakubishana nao. Akasema, "Haya, asikumbuke. Ila akitoa anapiga kengele. Na akimeza apige vilevile, kwa siku moja tu. Mnaogopa kengele?"

Hawakuona ubaya. Fundi akafunga kengele ya pili.

Kesho yake walianza kwa mzaha. Wa kwanza akatia, Dubwi akameza, kengele ikalia. Wa pili akatia, ikalia. Wa tatu, wa nne, wa tano. Mara moja moja ililia ile ya kutoa, watu wakageuka, lakini kabla hawajashangilia ya kumeza ilikwisha kulia mara saba. Kuku walikimbia soko. Mbuzi wa Mize alikata kamba. Kila aliyevuta mkono aliinamisha uso, kwa maana kijiji kizima kilisikia alichopoteza. Kabla ya adhuhuri watu walikuwa wameziba masikio kwa majani.

"Kumbe anakula hivi?" Mzee Kibwana akauliza.

"Ndivyo alivyokula siku zote," Siwatu akamjibu. "Ila alikuwa na adabu ya kufunga mdomo."

Mmoja mmoja wakaenda nyumbani kuchungulia vyungu vyao, na mmoja mmoja wakarudi na nyuso ndefu. Wakaulizana mbegu za Mabambani ziko kwa nani. Kila aliyeshinda aliapa kwamba alizirudisha kwa Dubwi siku ile ile. Mwisho macho yote yakatua kwa Fundi Mwengo, ambaye mwaka huo hakushika jembe.

Fundi hakungoja kusukumwa. Akawapeleka nyuma ya nyumba, akafungua mlango wa ghala, na mahindi yakawaporomokea miguuni.

"Ni punje moja katika kumi, kama tulivyopatana," akasema, akitazama chini. "Lakini punje ile ile mliitia, ikawatokea, mkaitia tena, mara kumi, mara ishirini. Kila ilipopita nilikata changu. Nami niliona aibu kuwaambia, nyinyi mnavyofurahi."

Akawagawia mbegu zote, akajibakizia za shamba lake, akaazima jembe. Jioni mvua ikanyesha. Pandu na Siwatu walipanda bonde lote hadi kijitoni, na mwaka huo mahindi yalizaa mpaka wakakosa pa kuyaweka.

Lakini msidhani watu walimkimbia Dubwi. Mavuno yalipoingia walimrudia, wakimwomba Fundi jambo moja tu, aiondoe ile kengele ya kumeza, inawatia kichefuchefu. Kumbukumbu pia hawakuitaka. "Tutakumbuka wenyewe," walisema. Siwatu naye alivuta mara moja, kwa punje moja, akakosa, akacheka, akaenda zake.

"Nyinyi hamtakumbuka," aliwaambia. "Nitakumbuka mimi." Akahamisha chungu chake cha togwa, akakiweka njiani watokeapo wachezaji. Kila aliyepita alimkaribisha, akamjazia kata, na kabla hajampa alimwuliza, "Leo umetia ngapi?" Aliyejibu alikunywa. Aliyezungusha maneno aliulizwa tena, na togwa ikimtazama. Wake wa kijiji waliona jambo hilo ni zuri, wakaliiga, na wana wa kike wakaliiga kwa mama zao.

Na tangu siku hiyo Dubwi ameenea kila mji, ameacha punje ameshika sarafu, lakini matunda bado anayo kifuani. Akitoa, anapiga kengele mtaa mzima usikie, na akimeza, ananyamaza. Aliyemlisha tangu asubuhi na aliyeingia sasa hivi, kwake ni mamoja. Mwenye mashine naye hukata chake kila sarafu inapopita. Na kwa kuwa Dubwi hakumbuki, mchezaji akirudi nyumbani, kabla hajavua viatu, hukuta mtu amesimama mlangoni anamwuliza, "Leo umetia ngapi?" Naye, badala ya kujibu, huanza kusimulia habari za gurudumu la tatu.