Moto wa Bibi Digidigi

Paukwa?

Pakawa.

Basi sogeeni. Na wewe uliyejitenga huko mlangoni, ingia ndani. Hadithi hii haipendi mtu akae peke yake.

Hapo kale, katika kijiji cha wanyama, moto ulikuwa mmoja tu, wa Bibi Digidigi, mjane kikongwe asiye na mtoto. Kila asubuhi wanyama walikwenda kwake na vigae kupalia moto. Naye hakumpa mtu kaa kabla ya kumuuliza habari za nyumbani, mmoja mmoja, mpaka mgeni akachoka.

Kisha Nguchiro akajua kupekecha moto kwa vijiti, akawafundisha wote. Wakafurahi, maana Bibi alikuwa na maneno mengi. Njia ya kwake ikaota nyasi. Bibi hakuuzima moto wake. Alikaa akingojea, na moyo ulimuuma.

Fisi akaziona zile nyasi.

Jioni akapiga hodi. "Bibi, uko na nani?"

"Niko na jirani yangu Kanga."

Fisi akaogopa ukelele wa Kanga, akaenda zake.

Jioni ya pili akarudi. "Bibi, uko na nani?"

"Niko na Kanga. Amesinzia."

Fisi akatega sikio. Hakusikia pumzi ya pili. Akaenda zake, lakini polepole.

Siku ya tatu mvua ikanyesha tangu alfajiri. Vijiti vikalowa, havikushika moto. Vifaranga wa Kanga wakatetemeka kwa baridi, hata jioni Kanga akatafuta kigae chake cha zamani, akashika njia ya kwa Bibi. Nyasi zilimfika kifuani, akaona haya.

Fisi alikuwa ametangulia. Safari hii hakupiga hodi. Alisukuma mlango kwa pua.

"Bibi, uko na nani?"

Bibi alikuwa amechoka kudanganya. "Niko peke yangu," akasema. "Njoo basi. Angalau wewe umekuja."

Fisi akapanua kinywa.

"Yuko na mimi," sauti ikasema nyuma yake.

Fisi akageuka. Kanga akapiga ukelele, kijiji kizima kikasikia. Bibi naye akachota makaa, akamrushia Fisi mgongoni. Fisi akatoka mbio, manyoya yakifuka moshi, na hakurudi tena.

Mvua ikakatika, vijiti vikakauka. Asubuhi moja Kanga akaumwagia maji moto wake mwenyewe, akachukua kigae, akaenda kwa Bibi.

"Moto umezimika tena?" Bibi akauliza.

"Umezimika, Bibi."

Bibi akatazama jua lililokuwa likiwaka nje. Akamsogezea kigoda, akaanza kumuuliza habari za vifaranga, mmoja mmoja.

Basi wenzangu, mzee akikuita uje uchukue kaa, si kaa analotaka ulipate. Usingoje mvua ndipo ukumbuke njia ya kwake.

Hadithi imekwisha. Ikiwa njema, itieni kwenye vigae vyenu mwende nayo nyumbani. Ikiwa mbaya, niachieni mimi jivu lake.